Damu ya miguuni inapanda vipi kurudi moyoni? Nimeona kitu siku ya kuchinja, nielewesheni

#1 Kijana_wa_Konde
Asalaam aleykum wanajukwaa. Sikukuu kubwa ilopita nlimshika ng'ombe mguu wakati ami yangu anachinja, na safari hii nlikua karibu kabisa na shingo, si kama miaka yote nasimama nyuma na wenzangu. Kisu kilipopita niliona kitu mpaka leo hakijanitoka kichwani. Mshipa mmoja damu ilikua inaruka, tena inaruka kwa mapigo, fyaa, inatulia, fyaa, inatulia, nyekundu ya kung'ara. Pembeni yake mshipa mwengine, mpana zaidi na laini, huo damu yake ilikua inamwagika kimya kimya kama maji ya ndoo iliyolazwa, na rangi yake imeiva, karibu na zambarau. Shingo moja, ng'ombe mmoja, moyo mmoja. Nkamuuliza ami, akanambia shika mguu vizuri.

Ya shule nayakumbuka kidogo, mshipa mmoja unatoka moyoni na mwengine unarudi. Sawa. Lakini huo unaorudi hauna nguvu, nimeuona kwa macho yangu unatiririka tu. Wa shingoni unashuka, hauna taabu. Wa miguuni je? Mie nikisimama kutoka nyayo mpaka moyoni ni mita moja na robo na ushei, na chini huko hakuna moyo mwengine. Sasa nini kinaipandisha damu ilokwisha nguvu? Mwenye elimu aseme, na asokua nayo kama mie aseme anavyodhani.

#2 Bint_Jambiani
Waaleykum salaam. Moyo huohuo unasukuma, mbona rahisi. Damu ya mbele ikisukumwa ya nyuma inafuata, kama watu wanaoshuka botini gatini, wa nyuma akisukuma wa mbele anatoka tu apende asipende.

#3 FundiBomba_Mkunazini
@Bint_Jambiani umekaribia lakini sababu yenyewe hujaigusa. Mie kazi yangu maji, nawaambieni kwa uzoefu. Chukua mpira, ujaze maji, ukunje uwe kama herufi U, ncha zote mbili juu. Maji ya upande huu yanashuka, ya upande wa pili yanapanda, yanasawazishana uzito wenyewe kwa wenyewe. Ukiongeza kikombe kimoja upande huu, kikombe kinatoka upande wa pili. Mwili ndo hivyo, damu inayoshuka mguuni kwa mshipa wa kwenda ina uzito sawasawa na ile inayopanda kwa mshipa wa kurudi, kwa hivyo moyo haunyanyui kitu, unaongeza kile kikombe tu. Hio mita na robo ya @Kijana_wa_Konde haina hesabu hapa. Na jengine, ng'ombe wako alikua kalala, hakuna cha kushuka wala kupanda.

#4 Kijana_wa_Konde
Kweli alikua kalala, hilo sikulifikiri. Nasahihisha. Ila swali langu la mguu liko palepale.

#5 NesiWaZamu
Jamani nimetoka zamu ya usiku, naandika kisha nalala. Fundi kaeleza vizuri lakini kasahau kuwa mishipa ya kurudi si bomba la plastiki, ni kama mfuko wa nailoni. Inatanuka. Ndo mana ndani yake mnakaa damu nyingi kuliko popote, kiasi cha thuluthi mbili ya damu yote ya mwili iko kwenye vena, yaani hiyo mishipa ya kurudi, si kwenye ateri, ile ya kutoka moyoni, wala si moyoni. Mtu akisimama kimya ile mishipa ya mguu inajaa, inatanuka, damu inatuama. Presha ya mshipa kwenye kifundo cha mguu ukisimama bila kutikisika inafika kama milimita 80 hadi 90 za zebaki. Anza kutembea, hatua chache tu, inashuka hata chini ya 30. Moyo ni uleule, mpira wa fundi ni uleule, kilobadilika ni nini? Kigimbi. Kila ukikanyaga msuli wa kigimbi unaukamua ule mshipa uliomo ndani yake, damu inapanda. Na haishuki tena kwa sababu mna vali, vijimlango vidogo kama mifuko ya shati viwili viwili, vinafunguka kuelekea juu tu.

Vali mnaweza kuzijua leo leo nyumbani. Mwenzio akufunge mtandio juu ya kiwiko, asikaze mpaka mkono ukafa ganzi, wa kubana tu. Kunja ngumi. Mshipa utatuna na utaona vifundo vifundo, hivyo vifundo ndo vali. Tia kidole kimoja juu ya mshipa chini huku karibu na kiganja, usikitoe. Kidole cha pili kipitishe juu ya mshipa kama unakamua, kuelekea kiwiko, mpaka upite kifundo kimoja. Nyanyua hiki cha pili. Mshipa utabaki mtupu, bapa, damu ya juu haishuki. Sasa nyanyua kile cha chini. Haya nalala.

#6 Kijana_wa_Konde
Subhanallah!! Nimefanya sasa hivi na mdogo wangu, mtandio wa mama. Mshipa ulikauka kabisa palipokua katikati, kama mtaro wa kiangazi, na nilipotoa kidole cha chini damu ikakimbia kupanda kwa ghafla, niliiona inavyopita chini ya ngozi. Mdogo wangu kapiga ukelele mama akaja mbio. Tumejaribu kuisukuma kwa nguvu irudi chini, inafika kwenye kile kifundo inasimama, inatuna, haipiti.

Dada nesi ukiamka, ahsante sana.

#7 Ustaadh_wa_Chwaka
Assalaam aleykum. Mnasema damu inatuama, na hilo ndilo sisi tunaopiga hijama tunalolisema siku zote. Damu ikituama inachafuka. Mtu akija kuumikwa damu inayotoka ni nzito nyeusi, kisha anaondoka mwepesi. Kwa hivyo ile damu ya zambarau alioiona kijana wa Konde ni damu chafu, na nyekundu ni damu safi.

#8 Maalim_Bayolojia
Sheikh wangu, kwa heshima, hapo kwenye uchafu tusikilizane. Damu iloiva rangi haina uchafu, imekwisha kushusha mzigo wake tu. Nyekundu ya kung'ara ina hewa ya oksijeni ilochukua mapafuni, ikishaigawa mwilini rangi inakolea. Ikirudi mapafuni ikapata nyengine inang'ara tena, damu ileile. Na zunguko zima halichukui hata siku moja wala saa moja. Hesabu ndogo hii: moyo wa mtu mzima alotulia unatoa kama mililita 70 kila pigo, mapigo 70 kwa dakika, jumla karibu lita 5. Na damu yote ya mwili nayo ni karibu lita 5. Mana yake ndani ya dakika moja hivi, kadiri ya mtu kusoma hii komenti yangu, damu yako yote imeshapita moyoni.

Uchafu wenyewe unatolewa na figo. Figo mbili zile zinapewa kama khumusi, moja ya tano, ya damu yote inayotoka moyoni, kila dakika.

Na msichanganye: usiseme ateri ni damu nyekundu na vena ni damu ya zambarau. Ateri ni unaotoka moyoni, vena ni unaorudi, basi. Kwenye mapafu inageuka, ateri ya mapafu inabeba damu ya zambarau na vena za mapafu zinaleta nyekundu. Wanafunzi wangu hapa wanaanguka kila mwaka.

#9 Ustaadh_wa_Chwaka
Ahsante maalim, la figo nimelipokea. Lakini hao wanaoondoka wepesi nawaona kwa macho yangu kila wiki na sitoacha kuwaumika.

#10 mkereketwa_wa_Mlandege
Nje ya mada kidogo. Alogundua haya yote ni Mwingereza William Harvey mwaka 1628. Hilo jaribio la mtandio la nesi ni lake.

#11 Ukutani77
@mkereketwa_wa_Mlandege mbona mnawasahau watu wa kwetu? Ibn Sina alisema zamani.

#12 Maalim_Bayolojia
Wote wawili hamjakosea sana na wote wawili hamjapatia. Si Ibn Sina, ni Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus, alofanya kazi yake Cairo. Yeye alikua anakisherehesha kitabu cha Ibn Sina, na mnamo 1242 akaandika kua wakubwa walotangulia wamekosea. Galen Mgiriki alishawafundisha watu zaidi ya miaka elfu moja kua damu inatengenezwa kwenye ini na inapenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu visoonekana kwenye ukuta wa katikati. Ibn al-Nafis akasema ukuta ule ni mzito, hauna tundu, damu inapita mapafuni kwanza ndo inakuja upande wa kushoto. Kauli yake ikapotea kwa watu mpaka 1924, daktari wa Kimisri akaikuta kwenye muswada uliokuwepo Berlin.

Lakini Ibn al-Nafis alieleza zunguko la mapafu tu. Zunguko la mwili mzima ni Harvey, na alilithibitisha kwa hesabu kama ile niloweka #8. Alipiga hesabu damu inayotoka moyoni kwa nusu saa akaona inazidi damu yote ya mwili, akasema haiwezekani iwe inatengenezwa mpya kila mara, lazima ni ileile inarudi. Alichokosa ni njia ya kuvukia kutoka ateri kwenda vena, hakuiona mpaka anakufa 1657. Miaka minne baadae, 1661, Mtaliani Malpighi akatia mapafu ya chura kwenye hadubini akaviona vijishipa vyembamba, kapilari. Vyembamba hivyo chembe za damu zinapita moja moja kwa foleni.

#13 mkereketwa_wa_Mlandege
Maalim nimesalimu amri.

#14 Bi_Mwani_Paje
Wanangu salaam. Nasoma tu siku zote leo nataka kuuliza. Mie nalima mwani mwaka wa kumi na moja huu. Siku za bamvua nashinda nimesimama baharini, maji kiunoni, saa nne tano, nikirudi miguu yangu iko sawa. Siku nikienda sokoni kuuza, nasimama saa hizohizo nne tano, jioni viatu haviingii, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Kusimama ni kulekule. Sasa huyo mkamuaji wa nesi, kigimbi, baharini anakamua na sokoni hakamui?

#15 FundiBomba_Mkunazini
Haya! Bi Mwani kawashika.

#16 NesiWaZamu
Nimeamka. Bi Mwani shikamoo, swali lako ni zuri kuliko yote yaloulizwa humu. Baharini kuna mambo mawili. La kwanza unatembea, unainama, unavuta kamba, kigimbi kinafanya kazi. La pili maji yenyewe yanakubana mguu kutoka nje, na kadiri unavyokwenda chini ndo yanavyobana zaidi, hapo kifundoni pakubwa kuliko gotini. Mshipa haupati nafasi ya kutanuka, damu haituami, na yale maji yanayovuja kwenye kapilari yakavimbisha mguu hayapati pa kukaa. Soksi za kubana tunazowapa wagonjwa zinafanya kazi hiyohiyo. Na nakuuliza jambo la siri kidogo, baharini huhisi haja ndogo mara kwa mara?

#17 Bi_Mwani_Paje
Marahaba mwanangu. Sana! Sote, tunataniana kila siku.

#18 NesiWaZamu
Ndo hivyo, damu ya miguuni imesukumwa juu kifuani, moyo unajaa, mwili unadhani maji yamezidi, figo zinayatoa.

Ila Bi, hilo shimo linalobaki ukibonyeza usiliache hivihivi. Nenda kapimwe presha na mkojo, inaweza ikawa kusimama tu na inaweza ikawa moyo au figo.

#19 FundiBomba_Mkunazini
Sasa nisikilizeni. Hapo nesi mwenyewe kakubali hoja yangu. Maji yakiubana mshipa usitanuke unakua kama bomba gumu, na bomba gumu ndo mpira wangu wa U, damu inapanda bila taabu. Msuli ni msaidizi kwa sababu bomba letu bovu linatanuka. Asili ya kazi ni usawa wa uzito. Na twiga je? Shingo mita mbili!

#20 Maalim_Bayolojia
Twiga usimtie fundi, atakuangusha. Twiga presha yake ni karibu mara mbili ya binadamu, ingekua mpira wa U unatosha kusawazisha asingehitaji moyo wa nguvu vile. Juu ya moyo mishipa ya kurudi inalala bapa, maji hayavutani ndani ya mpira uliolala bapa. Chini ya moyo lakini, nakubali, mishipa imejaa, na hapo hoja yako ina miguu. Na ngozi ya miguu ya twiga imebana kama suruali ya mpira, hilo linamuunga mkono Bi Mwani.

#21 FundiBomba_Mkunazini
Chini ya moyo. Na swali la kijana lilikua la mguuni. Nashukuru.

#22 mzamiaji_Makoongwe
Mmemsahau pumzi. Mie napiga mbizi. Ukivuta pumzi kifua kinatanuka, ndani kinakua kama bomba la baiskeli unapovuta mkono juu, kinanyonya. Hewa inaingia puani na damu inaingia kifuani kutokea tumboni, wakati huohuo diaframu, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, inashuka inakandamiza tumbo, kwa hivyo chini inasukumwa juu inanyonywa. Nikiwa nimekaa ngalawani nimechoka kabisa, miguu sitikisi hata kidole, damu inarudi. Kigimbi kimelala. Kinachotembea ni pumzi.

#23 Ukutani77
Na aliyebana pumzi chini ya maji dakika mbili mbona hafi? Wewe mwenyewe ndo unafanya kila siku.

#24 mzamiaji_Makoongwe
Nikibana natulia, na mapigo yanapungua sana, nayahisi shingoni yanakwenda polepole. Hafi kwa sababu moyo bado unasukuma, sijasema pumzi pekee. Nasema pumzi mnaisahau.

#25 halaiki_ya_zamani
Mie kisa changu. Nilikua mwanafunzi tunafanya mazoezi ya gwaride la Mapinduzi, tumepangwa juani, tumeambiwa atakaetikisika atakiona. Baada ya kama dakika arubaini mwenzangu wa mbele nikaona shingo yake inatoka jasho la baridi, masikio yamekua meupe, kisha akaenda chini mzima mzima kama mnazi. Msimamizi akasema mvivu hajala. Alikua kala, tulikula pamoja mkate wa mofa. Wakamnyanyua wakamsimamisha, akaanguka tena! Mara ya pili akachanika kidevu, kovu analo mpaka leo. Nikisoma hapa nafahamu kua damu yake ilikua miguuni, na kumsimamisha ndo kosa lenyewe. Inaniuma.

#26 NesiWaZamu
Inauma kweli. Alozimia alazwe chini, miguu inyanyuliwe, basi. Kuanguka kwenyewe ndo dawa ya mwili, ukilala moyo na miguu na kichwa viko sawa, damu inarudi yenyewe. Na walio kwenye gwaride wanyanyue visigino ndani ya viatu kidogo kidogo, wakaze vigimbi na mapaja, hakuna atakaewaona.

Na wajawazito, mimba ikikua inakandamiza mshipa mkuu wa kurudi ulio nyuma ya tumbo upande wa kulia, mama akilala chali anaweza kuhisi kizunguzungu. Alale ubavu, wa kushoto ndo bora.

#27 Bint_Jambiani
Mnahangaika na moyo mmoja, pweza anayo mitatu!! Maalim thibitisha.

#28 Maalim_Bayolojia
Nathibitisha. Miwili midogo inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja kila upande, na wa tatu unasukuma mwilini. Damu ikipita kwenye matamvua inapoteza nguvu, kama ilivyopoteza kwenye mishipa ya ng'ombe wa Konde, ndo mana kapewa mioyo ya kusaidia mahali pagumu. Na damu yake ni ya buluu, inatumia shaba badala ya chuma. Akiogelea ule wa mwilini unasimama, ndo mana anachoka upesi na anapenda kutambaa.

#29 Bint_Jambiani
Kumbe! Bibi yangu anasema pweza anaekimbia maji hafiki mbali, msubiri tu. Hakuwahi kusema kwa nini.

#30 mzee_wa_dau
Zamani, kasa hawajakatazwa, tuliona moyo wa kasa umetolewa umewekwa ubaoni unaendelea kupiga, peke yake, muda mrefu, vijana wanaukimbia. Nani alikua anauamrisha?

#31 Maalim_Bayolojia
Mzee shikamoo. Unajiamrisha wenyewe. Ndani yake, kwa binadamu kwenye ukuta wa chumba cha juu kulia, mna kijinyama kinachotoa umeme wake mdogo kila baada ya muda, hakingoji ubongo. Ubongo unakiambia haraka au polepole tu.

#32 mzee_wa_dau
Marahaba. Miaka hamsini nasubiri jibu hilo.

#33 Kijana_wa_Konde
Nimerudi. Siku tatu hizi nimejipima. Mie nauza duka Wete, nasimama nyuma ya kaunta kutwa. Nimechukua futi ya fundi cherehani nikapima kifundo cha mguu wa kulia, palepale kwenye alama ya kalamu. Juzi asubuhi sentimita 22 na nusu, jioni baada ya kusimama 23 na milimita nne. Jana nikawa kila robo saa nanyanyua visigino mara ishirini, wateja wananishangaa, jioni 22 na milimita nane. Leo sikunyanyua ila nimekua navuta pumzi ndefu za @mzamiaji_Makoongwe kila robo saa, jioni 23 na milimita moja. Kwa hivyo kigimbi kimeshinda, pumzi imesaidia, au futi yangu imekosea. Moyo sikuweza kuusimamisha kumpima Bint Jambiani hahaha.

#34 FundiBomba_Mkunazini
Na mpira wangu wa U hukuupima.

#35 Kijana_wa_Konde
Fundi wako unapimwaje? Nikilala jioni hauna kazi, nikisimama umo ndani siwezi kuutoa.

#36 Maalim_Bayolojia
Siku tatu mguu mmoja haitoshi, na joto la leo si la jana. Rudia wiki nzima, miguu yote miwili, saa zilezile.

#37 Bi_Mwani_Paje
Mwanangu wa Konde, bamvua linaingia Alkhamisi. Nami nimeazima futi kwa jirani, nishatia alama ya wino miguu yote miwili. Ntapima kabla ya kuingia majini na nikitoka, kisha Jumamosi sokoni. Kituo cha afya nimekwenda leo asubuhi, nesi wa huku kanipima presha, mkojo majibu Jumatatu.